Abdulcarimo, Trovão wa Mocímboa: Mwaka Mmoja Tangu Unyamaze

Mwaka umezunguka, Abdulcarimo, tangu tukuzike katika ardhi ya ng'ambo, na bado watu wanamsimamisha mkeo Samiha sokoni wakimwuliza utarudi lini.

Sisi wa nyumbani kwako tumekaa na maneno haya mwaka mzima. Leo tunayatoa. Yatasomwa redioni hapa Mocímboa, Msumbiji, na kaka yako Sadique ameyatuma kwa simu kwa jamaa zetu wa Mtwara wayapeleke gazetini, kwa sababu redio yetu haifiki huko ulikolala. Tunasema na wewe. Wengine wanaosikia, na wasikie.

Mama yako, Bi Ancha, husema ulizaliwa unapiga kelele na tangu hapo hakupata siku ya kupumzisha masikio. Marehemu baba alikuwa na duka la vitambaa, akitaka ukae naye ujifunze kupima kanga. Wewe ukakimbilia bandarini kupakua mizigo. Hukuipenda kazi ile, ila mabaharia walikuwa na kanda. Uliwatafutia pweza wa kuchoma, ukawaonyesha wapi pana maji matamu, nao wakakupa kanda za magitaa ya umeme, za watu wanaopayuka kwa lugha tusizozijua. Ulirudi nazo kifuani, ndani ya shati, kama mtu aliyeokota vifaranga.

Samiha alikujua kwenye harusi ya binamu yake. Ulipewa kazi ya kuangalia spika tu. Taarabu ilipotulia kidogo ukapachika kanda yako ya magitaa, na ukumbi mzima ukashtuka. Akina mama walitoka wakaenda uani kwa hasira. Samiha alirudi ndani peke yake kuja kukwambia uzime, akakukuta juu ya meza, umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, unacheza kana kwamba ukumbi ule mtupu umejaa watu.

"Hivi wewe una akili?" akakuuliza.

"Sina," ukamjibu. "Lakini nina kanda nyingine. Nikuwekee?"

Hakutoka. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini hakutoka.

Ulipoingia redio ya mji wetu ukajipa jina la Trovão, yaani ngurumo kwa Kireno, na kipindi chako ukakiita Ngurumo za Jioni. Ukanunua buti nyekundu zinazofika magotini. Samiha alikushonea koti kwa vipande vya kitambaa cha kumetameta vilivyobaki dukani kwa baba, na kila siku, kabla ya kwenda kazini, ulisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko bibi harusi.

"Redio haina macho, mume wangu," alikuwa akikwambia. "Unamvalia nani?"

"Anayenisikiliza. Nikivaa vibaya atanijua tu."

Nasi tulikujua. Ilikuwa jua likishuka kidogo, wanawake wanapepeta mchele, mafundi wanakunja vifaa vyao, inapigwa sauti moja ya gitaa, kisha wewe: "Amka! Amka! Amka! Huyu hapa Trovão, mtoto wa Ancha!" Na mji mzima, kutoka vibarazani na majikoni, watu wazima na akili zao, wanajibu: "Tumeamka!" Bi Ancha alikasirika. Alisema umemvua nguo hadharani, maana hata wauza samaki wakimwona walikuwa wakimwamsha. Lakini tulikuwa tukimwona, saa ile ikikaribia, anavyosogeza kigoda chake karibu na dirisha la jirani mwenye redio kubwa.

Ulikuwa mkarimu wa jina la mtu. Fundi baiskeli, mama wa mandazi, mwalimu aliyehamishiwa kwetu asiyejua mtu, kila mmoja alisikia jina lake likitangulia wimbo, umelitamka kwa mbwembwe hadi mwenyewe akajiona mkubwa. Ukitoka studio ulipita nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa ukiwauliza wanataka nini kesho.

Kisha waasi, wale wa msituni, walianza kuchoma vijiji. Walisema muziki ni haramu na wanaoupiga wanajulikana. Mmoja alikupigia simu katikati ya kipindi, mji wote unasikia, akakwambia atakuja kukukata ulimi. Samiha alikuwa anakoroga chungu, mwiko ukamponyoka mkononi. Wewe ukamwuliza yule mtu: "Sawa, bwana. Na kabla ya hapo, nikupigie wimbo gani?"

Watu walicheka kwa hofu. Siku zile kicheko cha namna hiyo ndicho tulichokuwa nacho.

Mji ulipokimbiwa, redio iliungua. Ziliungua kanda zote, mashine zote, kila kitu ulichowahi kukirekodi tangu ujana. Tulilala porini, tukala mihogo mibichi, tukafika kusini, kambini, karibu na mji wa Pemba wa hapa Msumbiji. Watu walikuwa wamekaa chini ya mahema kama mizigo iliyosahauliwa. Wewe ulikimbia na buti zako, Abdulcarimo! Nguo za watoto tuliziacha, lakini buti ulikuja nazo. Samiha hakukusemesha siku nzima kwa ajili ya buti zile. Halafu ukapata spika moja na betri ya gari, ukazivaa buti, ukapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukapiga ile sauti ya gitaa. Watu wakainua vichwa. Katikati ya nyimbo ukawa unataja waliopotea: nani anamtafuta nani, kutoka kijiji gani, ana alama gani. Mama mmoja wa kisiwa cha Macaloe alimpata mwanawe kwa njia hiyo, mtoto alikuwa mahema machache tu kutoka kwake. Alikushika miguu, akazilowesha buti kwa machozi. Usiku huo Samiha akakusamehe.

Tuliporudi Mocímboa tulikuta kuta. Wewe na mwenzako Rosalina, msomaji habari, binti wa Kimakonde kutoka Mueda asiyependa mchezo kazini, mliezeka chumba kimoja, mkapata mtambo mdogo, mkafungua tena. Tulilia siku uliyosema "Amka." Tulidhani mabaya yamekwisha.

Kumbe yalikuwa yamehamia kooni mwako.

Haya hatukuwahi kuyasema nje ya nyumba. Ulianza kukwaruza. Kwanza tulisema vumbi la kuta, kisha tukasema sigara za ujanani. Wasikilizaji wao walifurahi. Walipiga simu: "Trovão, hiyo sauti mpya ni moto! Usiibadilishe!" Vijana wa bandarini wakaanza kuikwaruza na wao ili wafanane na wewe. Nawe, kwa kuwa ulikuwa mtu wa jukwaa, ukaichukua kama zawadi. Ukaanza kujifunga skafu shingoni, ya zambarau, ya kijani, ya chui. Tukasema Trovão ameongeza madoido. Mji mzima uliupigia makofi ugonjwa wako, na hakuna aliyejua isipokuwa wewe.

Samiha aliujua mezani. Uliacha ugali. Ukawa unachovya mkate kwenye chai na kuuzungusha mdomoni kama mtoto. Ukinywa maji unakohoa. Mchana mmoja alikufuata bafuni na taulo, akakukuta umefungua skafu, akaona kitu kama yai la bata upande wa shingo.

"Abdu, hiki nini?"

"Radi imekwama," ukasema, ukacheka bila sauti.

Yeye hakucheka. Alikaa chini kwenye maji ya kuogea na nguo zake.

Mganga wa kituo cha afya alikutazama, akamwambia Samiha pembeni kwamba hapa hakuna kifaa wala daktari wa jambo hili, mkimbilie Pemba, na mkimbie. Lakini barabara ya kusini ilikuwa imefungwa. Juma lile magari yalikuwa yamechomwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita bila escolta, msafara wa kusindikizwa na askari. Samiha alikwenda kila asubuhi kusimama pale magari yanapopangwa. Kesho, wakamwambia. Kesho kutwa. Subiri, mama. Na wewe, badala ya kulala, ukaendelea kwenda studio.

"Ukinyamaza utapona," alikusihi. "Pumzisha koo, kwa ajili ya wanao."

"Nikinyamaza watajua naumwa. Wakijua naumwa, wataogopa. Mji huu umeogopa vya kutosha."

Kipindi chako cha mwisho Samiha alikuja nawe, akakaa kwenye kiti kando ya Rosalina. Ulisema "Amka" mara moja. Ya pili haikutoka. Ulifungua mdomo, ukaushika mdomo wa kipaza sauti kama mtu anayeshika ukuta gizani, ikatoka pumzi tu. Rosalina alivuta wimbo mrefu wa magitaa akauweka. Simu zikaanza kuita: watu wanasifu, wanasema umewanyamazia makusudi, kwamba hawajapata kusikia ubunifu kama huo. Rosalina alizipokea moja baada ya moja, akisema "Asante, ndugu, asante, atafurahi," huku machozi yanamdondokea kwenye meza. Wewe ulikuwa unamwangalia Samiha. Anasema kabla ya siku hiyo hajawahi kuona macho yako bila miwani mbele ya watu.

Sadique ndiye aliyesema twende ng'ambo. Amefanya biashara ya kuvuka mto Rovuma kwenda Tanzania tangu kijana, anajua watu. "Pemba imefungwa, Mtwara iko wazi," alisema. "Hapa tunamtazama anakufa."

Ulikataa kutoka bila buti na koti. Samiha aligombana nawe hadi sauti yake ikakatika. Alitaka uvae kanzu, upite kimya kama mgonjwa. Ulitikisa kichwa, ukanyoosha kidole kwenye koti, ukanyoosha kidole kwenye kifua chako. Alielewa. Ulitaka, popote utakapofika, watu wakujue ni wewe. Akakuvalisha mwenyewe, akakufunga skafu ya chui juu ya uvimbe.

Wewe, Samiha na Sadique mkafika Nhica do Rovuma, kwenye kingo za mto, na mto nao ulikuwa umefungwa. Kulikuwa na mapigano huko juu, mitumbwi yote imevutwa nchi kavu. Askari waliwazunguka. Mkubwa wao, chefe, alikutazama kuanzia buti hadi miwani, akamgeukia Samiha.

"Huyu ni nani? Documento, hati zake, ziko wapi?"

"Ziliungua na nyumba, chefe. Huyu ni mume wangu, mgonjwa. Ni Trovão wa redioni. Muulize yeyote."

"Trovão namjua, hata mimi namsikiliza. Mtu kama huyo hakosi la kusema. Na aseme, basi. Sauti yake naijua."

Ulivua miwani. Ulijaribu, Abdulcarimo. Samiha aliona mishipa ya kichwa imesimama. Ukatoka mluzi mwembamba kama wa birika. Mkubwa yule akasema unajifanya bubu, kwamba watu wa msituni nao wana mbinu zao za mavazi, na akaagiza mkae chini, mikono kichwani.

Samiha ni mtu wa haya. Tangu aolewe hakuwahi kupandisha sauti mbele ya wanaume wageni. Alisimama katikati ya bunduki zile, akashika shungi lake kwa mkono mmoja, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Amka! Amka! Amka! Huyu hapa Trovão, mtoto wa Ancha!"

Kisha kutoka kwenye kivuli cha mikorosho askari mmoja kijana akajibu bila kufikiri: "Tumeamka!" Akaziba mdomo wake kwa aibu.

Aliitwa Bernardino. Alisogea, akachuchumaa mbele yako, akazishika zile buti. "Chefe," alisema, "mimi nilikuwa kambini Pemba. Buti hizi nilikuwa nakaa chini yake kila siku kusikiliza kama jina la mama yangu litatajwa. Ni yeye. Nakuapia kwa Mungu ni yeye."

Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alibadilika uso, akawapa maji, akamwita mwenzake kwa simu ya upepo kuomba ruhusa ya kuwavusha. Ruhusa ilikuja kesho yake. Usiku huo wa kungoja ndio uliotuua. Hukuweza kulala chali, ulikaa umeegemea mgongo wa Sadique, kila pumzi unaivuta kama kamba nzito kutoka kisimani. Samiha alikupepea kwa kipande cha boksi, akasoma Yasini, akaichanganya, akaanza upya. Bernardino hakuondoka. Asubuhi ndiye aliyesukuma mtumbwi, yeye ni Mkristo, akampa Samiha mkono akisema, "Mama, tutamwombea wote, kila mtu na kwake."

Ng'ambo, Mtwara, madaktari walikukata shimo kooni, hewa ikapita. Rangi ilirudi. Tulipata simu kutoka kwa Samiha, anacheka na kulia, anasema anapumua, anapumua! Bi Ancha alianguka sijida pale pale jikoni, kwenye majivu. Lakini siku zilizofuata daktari alimkalisha Samiha, akamwambia kwa upole kwamba ugonjwa umekwisha kusambaa, na kwamba mngewahi, labda.

Neno hilo "labda" Samiha halali nalo. Analiweka barabarani, analiweka mtoni, analiweka kwenye zile skafu. Kila akiliweka linarudi.

Ulibaki naye wiki chache, na hukuwa na sauti hata ya kunong'ona. Alijifunza kusoma midomo yako. Ulimwomba akutafutie redio ya nyumbani, akazungusha kitufe cha kiredio cha jirani wa kitanda mpaka kidole kikauma, ikavuma tu. Siku ya Ijumaa asubuhi ulimvuta karibu.

"Usiwaambie," midomo ilisema.

"Nisiwaambie nini, Abdu?"

"Kuwa nilinyamaza."

Akakuahidi. Alikwenda kukuletea uji, akarudi na kikombe, akakukuta umeshaondoka. Anasema kikombe hakukimwaga. Alikaa nacho mkononi hadi kikapoa, kwa kuwa hakujua pa kukiweka.

Ulizikwa jioni ile ile, na Sadique na watu wasiokujua. Samiha alikaa eda kwa jamaa zetu, akarudi peke yake na buti ndani ya kiroba. Na kwa kuwa hapa hakuna aliyeona jeneza, na kwa kuwa mkeo alitunza ahadi na hakusema ulikufa kwa ugonjwa gani, mji haukuamini. Walisema umepata kazi redio kubwa ya Dar es Salaam. Kuna aliyeapa amekusikia. Sokoni wanampa Samiha salamu, wanampa majina ya kutajwa, mama wa mandazi kila mara humfungia ya kwako akupelekee. Anapokea. Anasema ahsante. Mwezi uliopita alimfuata Sadique dukani, akafunga mlango, akamwuliza kwa sauti ndogo: "Shemeji, uliuona uso wake kabla ya kumfunika? Una hakika?"

Sadique alilia kama mtoto. Hapo ndipo tulipokaa, familia nzima, tukaamua kusema.

Na kuna hili. Sauti yako nzima, ile ya kwanza, iliungua yote. Kilichobaki ni cha kwenye simu za watu, vipindi vya mwisho, vya kukwaruza. Vinapigwa kila duka, wanasema ndiyo siku ulizokuwa bora. Mwanao mdogo, Mudi, hajui baba mwingine. Akivisikia anaruka, anacheza, anakwaruza koo lake akikuiga, na Samiha hukimbilia uani akiziba masikio. Kati ya wanao, binti yako Khairiya pekee anakumbuka sauti yako ya zamani, na juzi alitwambia imeanza kumpotea.

Kwa hiyo utusamehe, Abdulcarimo. Tumewaambia. Hukuwaacha kwa ajili ya redio kubwa. Ulinyamaza kwa sababu uliumwa, na uliumwa mbele yao ukiwachekesha. Rosalina amekubali kuyasoma haya mwenyewe, na amesema hatoweka wimbo baada yake.

Samiha alitaka mwaka ukutimie akiwa kaburini kwako. Alifika hadi Nhica, mto ukawa umefungwa tena, akarudishwa. Hakubishana. Bi Ancha ana miguu mibovu na hajawahi kuuona udongo ulioko juu ya mwanawe.

Ndugu wa Mtwara unayesoma gazeti hili, hatukujui, nasi hatuna mwingine. Makaburi yako nyuma ya uwanja wa mpira, mtaa wa wavuvi. Ukiingia upande wa ukuta uliobomoka, kaburi lake ni la pili kutoka kwenye mkorosho, limewekewa jiwe la matumbawe bila jina. Mvua zimekwisha kunyesha huko, majani yatakuwa yamefika magotini. Tafadhali, kama una mkono mzima, uyang'oe. Mwagia maji. Mwambie kwamba mama yake anamsalimu. Sema kwa sauti, amezoea kelele.

Wanaokukumbuka ni mkeo Samiha, wanao Khairiya na Mudi, mama yako Bi Ancha, kaka yako Sadique na watu wa nyumbani kwake, mwenzako Rosalina, na Bernardino, popote walipompeleka.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.